Kadi Isiyo na Bahasha

Anayetafuta historia ya kadi za salamu katika wilaya za Masisi na Walikale, huku Kongo mashariki, asianzie dukani. Kadi zilizochapwa, zenye maua na maandishi ya kung'aa, ni mambo ya Goma na miji mikubwa. Huku milimani na msituni, aliyetaka kumtakia ndugu yake heri ya Noeli alichana karatasi ya daftari, akaikunja, akaipamba kwa biki, kisha akamtafuta msafiri wa kuibeba. Juu aliandika jina la mpokeaji, na chini yake: kwa mkono wa fulani. Huyo fulani ndiye aliyekuwa posta.

Posta ya serikali ilikwisha dhoofu hata kabla ya Zaire kufa mwaka 1997. Lakini hata posta imara ingepata taabu huku. Walikale peke yake ina karibu kilomita za mraba 23,500, kama asilimia 40 ya Kivu Kaskazini yote, na sehemu kubwa ni msitu. Barabara ya kutoka Goma kupitia Sake na Masisi imeharibika kiasi kwamba ndege ndogo zilizofuata kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie zilikuwa zikitua juu ya kipande cha lami ya barabara, pale Kilambo. Barua ya mkono, basi, ilikwenda kwa miguu, kwa lori, kwa pikipiki, na ilifika ilipofika.

Kisha vita. Machi 1993 mauaji yalianzia katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Julai 1994 Wanyarwanda wapatao milioni moja walimiminika Goma na pande zake kwa siku chache tu, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Mwaka 1996 familia nyingi za Watutsi wa Masisi zilivuka mpaka kwenda Rwanda. Kambi za Kiziba na Gihembe zikawa anwani yao, wengine kwa zaidi ya miaka 20. Kuanzia 2012 wengi wengine walijikuta Rwamwanja, Uganda. Nani angebeba karatasi ya daftari kutoka Nyabiondo, Masisi, hadi huko? Na angempelekea nani, ikiwa hata mwenye kuandika hajui kama mwenzake yu hai?

Hapo ndipo fomu ya Msalaba Mwekundu, ya kupelekea jamaa ujumbe, ilipopata kazi. Haikubuniwa kwa ajili yetu. Mwaka 1870, Ufaransa na Prussia zilipopigana, ofisi ilifunguliwa Basel, Uswisi, kuwapelekea wafungwa wa vita na jamaa zao barua. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania ujumbe ulibanwa usizidi maneno 25, na kikomo hicho kilitumika tena katika Vita Kuu ya Pili. Jaribu kuwasalimu shangazi zako wote kwa maneno 25! Huku Kongo kikomo hicho hakikuwapo, ila sharti moja lilibaki: habari za familia tu.

Karatasi haifungwi. Inasomwa kabla ya kusafirishwa, ili isiwe na siasa wala habari za askari, nani ameshika kilima gani. Kuna wanaoona haya mambo yao ya nyumbani kupita machoni mwa mgeni, na siwalaumu. Lakini kwa mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu anayevuka vizuizi vya makundi mawili au matatu yenye silaha kwa safari moja, karatasi ambayo yeyote anaweza kuifungua na kukuta harusi, ubatizo na kifo cha babu ni kinga kuliko barua iliyogundishwa kwa gundi.

Asiyejua kuandika huandikiwa, na mtoto mdogo anaweza kuchora. Upande wa pili wa fomu huachwa wazi kwa jibu, na kwangu hapo ndipo inapoishinda kadi ya dukani, ambayo imekwisha kusema yote kabla hujainunua. Fomu hii humdai mpokeaji achukue kalamu naye.

Simu za mkononi, zilizoenea miaka ya 2000, zimepunguza sana karatasi hizi. Siku hizi Msalaba Mwekundu wenyewe huwapa waliokimbia simu wapige, pale mtandao unapokuwapo. Lakini mwanzoni mwa 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-mjini, kisha Goma, na mwezi Machi wakaingia Walikale-mjini kwa muda, na watu wakatawanyika upya. Simu inataka namba. Mtoto aliyepotezana na mama yake njiani hana namba kichwani. Anajua jina la mama, la baba na la kijiji, na hayo ndiyo yanayoulizwa juu ya fomu.