Nyota Walioiacha Timu ya Ufaransa: Wachezaji wa Aljeria na Dhamana ya Uongozi

Mchezaji anapoitwa kulichezea taifa hupewa heshima na kutwikwa mzigo kwa wakati mmoja. Heshima ni yake. Mzigo ni wa watu wote wanaomtazama. Kwa sababu hiyo, mchezaji mashuhuri akijitenga na timu ya taifa, jambo hilo haliwi lake peke yake. Aghalabu watu huuliza: amemwachia nani mzigo ule? Lakini liko swali la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza: taifa lililomwita lilikuwa lake kwa haki gani? Maswali haya mawili yaligongana mbele ya macho ya dunia katika mwezi wa Aprili, mwaka wa 1958, wakati watu 10 wa kandanda, wote Waaljeria, walipoondoka Ufaransa kwa siri, wakaelekea Tunis kuunda timu ya nchi ambayo bado haikuwa na dola.

Ili kuelewa tendo hilo, yafaa kukumbuka hali ya Aljeria siku zile. Ufaransa iliingia nchi hiyo kwa silaha katika mwaka wa 1830, na baadaye ikaihesabu kuwa sehemu ya ardhi yake yenyewe, si koloni kama makoloni mengine. Kwa karatasi za sheria, Mwaljeria alikuwa Mfaransa. Kwa maisha ya kila siku, ardhi nzuri, shule, kura na vyeo vilikuwa aghalabu mikononi mwa walowezi. Siku ya 8 Mei, 1945, Ulaya iliposherehekea mwisho wa vita, watu wa Sétif waliandamana wakidai uhuru wao pia. Siku ile ilianza kwa bendera ikaisha kwa damu. Wazungu wapatao 100 waliuawa, na katika majuma yaliyofuata Waaljeria waliuawa kwa maelfu. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Katika mji huo alikuwapo mtoto wa miaka minane, jina lake Rachid Mekhloufi. Miaka tisa baadaye, tarehe 1 Novemba, 1954, chama cha ukombozi kilichojulikana kwa herufi FLN kilianzisha vita vya uhuru.

Wakati vita vikiendelea, uwanja wa mpira ulikuwa mahali pa ajabu. Kwa kuwa sheria iliwahesabu Waaljeria kuwa Wafaransa, vilabu vya Ufaransa viliwaajiri vijana wa Algiers, Oran na Sétif, na timu ya taifa iliwaita waliokuwa hodari. Mwanamume aliyebaguliwa barabarani siku ya Jumamosi alishangiliwa uwanjani siku ya Jumapili. Mustapha Zitouni, mlinzi wa kati wa Monaco, aliichezea Ufaransa, na katika mwezi wa Machi, 1958, alisimama imara mbele ya Alfredo Di Stéfano wakati Ufaransa ilipotoka sare na Hispania mjini Paris. Mekhloufi, aliyezaliwa mwaka wa 1936, alitwaa ubingwa wa Ufaransa pamoja na Saint-Étienne katika mwaka wa 1957, akaitwa katika timu ya taifa, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa majeshi akiwa askari katika jeshi la Ufaransa. Mashindano ya Kombe la Dunia yalikuwa yafanyike Uswidi katika mwezi wa Juni, 1958. Zitouni alitazamiwa na wengi kuwa nguzo ya ulinzi huko, na Mekhloufi naye alikuwa miongoni mwa waliofikiriwa.

Hata hivyo vita havikukaa mbali na viwanja. Katika Mei, 1957, Toulouse ilishinda Kombe la Ufaransa ikiwa na Waaljeria wawili, Saïd Brahimi na Abdelhamid Bouchouk. Mchezo ulipokwisha, Ali Chekkal, Mwaljeria mashuhuri aliyeunga mkono utawala wa Ufaransa, aliuawa kwa risasi nje ya uwanja na mtu wa FLN. Mauaji hayo yalionyesha kwamba hakuna aliyeweza kudumu katikati. Mchezaji aliyekaa kimya alikuwa akihesabiwa na pande zote mbili.

Fikira ya kuunda timu ilitekelezwa na Mohamed Boumezrag, aliyekuwa mchezaji zamani. Alikwenda kwa wachezaji mmoja mmoja, akizungumza na watu wazima kwanza ili vijana wafuate. Hapa ndipo mambo ya uongozi yanapoanza kuonekana. Mokhtar Arribi, aliyekwisha kuwa mwalimu wa timu ya Avignon, na Zitouni, aliyekuwa karibu kutimiza miaka thelathini, walikuwa na mengi ya kupoteza kuliko vijana. Laiti wao wangesita, ni vigumu kuamini kwamba kijana wa miaka 21 kama Mekhloufi angethubutu. Mkubwa akitangulia, mdogo hupata ujasiri. Mkubwa akirudi nyuma, mdogo hupata udhuru.

Siri ilitunzwa vizuri, lakini si kikamilifu. Kundi moja la wachezaji wa Monaco na wenzao lilipita Italia hadi Rumi, na kutoka huko likaenda Tunis. Kundi jingine lilipita Uswisi. Mekhloufi alikuwa amejeruhiwa kichwani katika mchezo, na Arribi na Abdelhamid Kermali walikwenda kumchukua. Walipofika mpakani kwa motokaa, walinzi walimtambua mchezaji mashuhuri, na kwa kuwa habari za kutoroka hazikuwa zimewafikia, wakawaruhusu kupita. Wengine hawakubahatika. Hassen Chabri wa Monaco alikamatwa karibu na mpaka wa Italia, na Mohamed Maouche wa Reims alikamatwa pia. Hao walilipa gharama ya mpango huo kabla haujazaa tunda lolote.

Magazeti ya Ufaransa yaliipokea habari kwa mshangao mkubwa. Siku chache tu zilibaki kabla ya mchezo wa Ufaransa na Uswisi wa tarehe 16 Aprili, na mlinzi aliyechaguliwa hakuwapo. Vilabu vilidai mikataba yao. Monaco ilipoteza wachezaji kadhaa kwa usiku mmoja. Jeshi nalo lilikuwa na hesabu yake: Mekhloufi alikuwa askari, na askari anayeondoka kambini wakati wa vita huitwa mtoro, na utoro una adhabu kali.

Lawama hizi hazifai kupuuzwa. Mkataba ni ahadi, na wenzake mchezaji hawakuwa watawala wa Aljeria. Raymond Kopa na Just Fontaine hawakuchoma kijiji chochote. Walikuwa wachezaji waliomhitaji mwenzao. Ufaransa ilikwenda Uswidi bila Zitouni, ikafika nusu fainali, ikafungwa na Brazil mabao 5 kwa 2, ikamaliza katika nafasi ya tatu. Katika mchezo ule wa Brazil, mlinzi wa kati Robert Jonquet aliumia vibaya, na siku zile sheria haikuruhusu kumbadilisha mchezaji. Haiwezekani kusema kwamba Zitouni angegeuza matokeo. Lakini yawezekana kusema kwamba yeye mwenyewe alijua ukubwa wa alichokiacha, kwa maana Kombe la Dunia halimngojei mtu wa miaka thelathini.

Liko jambo jingine la kupimwa kwa uaminifu. Je, wachezaji hawa walikwenda kwa hiari tupu? FLN haikuwa chama cha kubembeleza tu; ilitoza michango kwa Waaljeria waliokuwa Ufaransa, na iliwaadhibu iliowaita wasaliti. Mtu aliyejiwa na mjumbe wake hakuweza kusahau yaliyompata Chekkal. Hata hivyo hofu peke yake haielezi tendo hili. Hofu ingeweza kumfanya mtu atoe fedha na kunyamaza. Haingeweza kumfanya acheze miaka minne kwa bidii, mbali na ligi kubwa, kwa posho ndogo. Penye shinikizo na imani pamoja, mwanahistoria hana ruhusa ya kukitaja kimoja na kukificha kingine.

Huko Tunis, Rais Habib Bourguiba aliwapokea kwa taadhima, na katika mwezi wa Mei, 1958, timu ilianza michezo yake. Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, lilikataa kuitambua na likatishia kuziadhibu nchi zitakazocheza nayo. Juu ya hayo, timu ilitembea Afrika ya Kaskazini, nchi za Waarabu za Mashariki, Ulaya ya Mashariki, China na Vietnam ya Kaskazini. Serikali ya muda ya Aljeria ilipotangazwa katika Septemba, 1958, timu ilikuwa na miezi mitano tayari. Kwa maneno mengine, timu ya taifa ilitangulia serikali ya taifa. Ilipoingia uwanjani, bendera ilipandishwa na wimbo wa taifa ukapigwa mbele ya makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wamesoma magazetini kwamba Aljeria ni wilaya ya Ufaransa. Mwaka wa 1961, mjini Belgrade, iliishinda Yugoslavia mabao 6 kwa 1. Ushindi wa namna hiyo haukuandikwa katika daftari la FIFA, lakini uliandikwa katika akili za waliouona.

Gharama yake ilikuwa miaka. Mchezaji wa mpira ana miaka kumi hivi ya nguvu, na mwanafunzi wa historia akitaka kupima kafara ya watu hawa asitazame mishahara tu, atazame kalenda. Zitouni aliitoa sehemu ya mwisho ya ubora wake, na Mekhloufi aliitoa sehemu ya kwanza. Timu nyingine walizokutana nazo zilikuwa dhaifu, safari zilikuwa ndefu, na mbele yao hapakuwa na kombe la kushindania. Wengine walijiunga nao baadaye, na kundi likazidi watu 30. Kuliongoza kundi la nyota wasio na mashindano rasmi, likabaki kundi moja mpaka vita vikaisha, ni kazi isiyopungua ile ya kufunga mabao.

Mapatano ya Évian yalitiwa sahihi katika Machi, 1962, na uhuru ukaja katika Julai. Timu ikamaliza kazi yake. Hapa historia inaleta sura ambayo wachache waliitazamia. Mekhloufi, baada ya muda katika klabu ya Servette ya Geneva, alirudi Saint-Étienne, klabu aliyoitoroka. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba watazamaji walimpokea kwa kimya, kisha alipougusa mpira kwa ustadi wake wa zamani wakamshangilia. Klabu ilikuwa imeshuka daraja. Alisaidia kuirudisha, na ikawa bingwa wa Ufaransa katika 1964, 1967 na 1968. Katika Mei, 1968, akiwa nahodha, alifunga mabao yote mawili ya fainali ya Kombe la Ufaransa dhidi ya Bordeaux, akapokea kombe kutoka mikononi mwa Rais Charles de Gaulle. Mtoro wa 1958 alipewa mkono na mkuu wa dola aliyoitoroka. Kama kuondoka kwake kungalikuwa chuki tu, kurudi huku kusingewezekana. Yeye aliliacha jeshi na bendera. Hakuwaacha watu wala mchezo.

Zitouni hakurudi. Alibaki Aljeria, akacheza na kufundisha Kouba. Njia hizi mbili hazipingani. Mmoja aliona wajibu wake umekwisha siku nchi ilipopata uhuru, na kwamba sasa ana haki ya kuumalizia ujana wake anakotaka. Mwingine aliona kwamba nchi iliyopata uhuru ndiyo kwanza inahitaji walimu. Naye Mekhloufi alipomaliza kucheza aliichukua kazi hiyo hiyo. Aliifundisha timu ya Aljeria iliyotwaa nishani ya dhahabu ya Michezo ya Mediterania mwaka wa 1975 na ya Michezo ya Afrika mwaka wa 1978, na alikuwamo katika uongozi wa timu iliyoishinda Ujerumani ya Magharibi mabao 2 kwa 1 katika Kombe la Dunia la 1982. Kermali, aliyekwenda kumchukua rafiki yake akiwa na jeraha kichwani, ndiye aliyekuwa mwalimu wa Aljeria ilipotwaa Kombe la Afrika mjini Algiers mwaka wa 1990.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza linapopatikana. Amemwachia nani mzigo? Mchezaji anayeiacha timu ili apumzike kutokana na lawama humwachia mwenzake. Nyota hawa waliutua mzigo mmoja wakajitwika mwingine uliokuwa mzito zaidi na usio na malipo, na baada ya ushindi hawakudai kuheshimiwa kwa kuondoka tu, bali walifanya kazi ya kufundisha kwa miaka mingi. Zitouni alifariki mwaka wa 2014 na Mekhloufi mwaka wa 2024. Kujitenga na timu huchukua usiku mmoja. Ama kuwa kiongozi wa wale ambao mtu amejitenga kwa ajili yao, hiyo ni kazi ya maisha yaliyobaki, na kwa kazi hiyo kutoroka kwa Aprili, 1958, kunapaswa kupimwa.