Camogli: Mji wa Italia unaoishi kwa wavu wa makumbi ya nazi

WAKAZI wa Malindi na Watamu wamewazoea Waitaliano kama watalii na wenye nyumba za kifahari ufuoni. Ni wachache, hata hivyo, waliowahi kujiuliza Waitaliano wenyewe wana pwani ya namna gani kwao, na wavuvi wao huishi vipi. Mji mdogo wa Camogli, katika jimbo la Liguria kaskazini-magharibi mwa Italia, unatoa jibu zuri kwa swali hilo.

Camogli uko umbali wa kilomita 20 hivi mashariki mwa bandari kuu ya Genoa, na wakazi wake ni takriban 5,000. Mbele yake ni bahari, na ubavuni mwake umeinuka mlima wa Portofino wenye urefu wa mita 610. Maadamu ardhi tambarare ilikuwa haba, watu wa zamani walijenga kuelekea juu. Nyumba za ghorofa sita au saba zimesongamana ufuoni, zikiwa zimepakwa rangi za waridi, manjano na hudhurungi.

Inasimuliwa kwamba rangi hizo zilimsaidia baharia kuitambua nyumba yake akiwa angali mbali. Atakayezitazama kuta kwa makini atagundua pia kwamba baadhi ya madirisha na nakshi si halisi, bali ni michoro iliyopakwa kwa ustadi. Ilikuwa njia ya watu wa kipato cha kadiri kujipatia mapambo bila gharama ya mawe.

Kuhusu jina, wenyeji hupenda kusema kwamba Camogli hutokana na maneno yenye maana ya "nyumba za wake", kwa kuwa waume walikuwa baharini muda wote. Wataalamu wa lugha hawajaafikiana juu ya asili hiyo, lakini simulizi hiyo inaeleza vyema maisha yalivyokuwa.

Mji wa matanga

Katika karne ya 19, Camogli ulijulikana kote Ulaya kwa wingi wa jahazi zake kubwa za biashara, hata ukaitwa mji wa matanga meupe elfu moja. Mwaka wa 1853 wenye vyombo waliunda shirika la bima ya pamoja: chombo cha mmoja kikizama, wenzake wote walichangia kumfidia. Mpango huo uliwawezesha watu wa mji mdogo kushindana na matajiri wa bandari kuu.

Ujio wa meli za mvuke ulikomesha enzi hiyo. Jahazi ziliuzwa au kuvunjwa, na historia yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya mabaharia mjini humo. Kilichobaki baharini ni kazi iliyokuwako kabla ya utajiri huo, nayo ni uvuvi.

Mtego unaofumwa upya kila mwaka

Katika maji yaliyo kati ya mji na rasi iitwayo Punta Chiappa hutegwa kila mwaka wavu mkubwa uitwao tonnarella. Mvuvi wa Lamu au Pemba anayeujua uzio, yaani ua wa fito unaosimikwa majini ili kunasa samaki, hatapata taabu kuuelewa. Ukuta wa wavu huanzia ufuoni na kuelekea kilindini. Samaki wanaosafiri kandokando ya pwani hukutana nao, hugeuka kuufuata, na hatimaye huingia katika chumba ambacho si rahisi kutoka. Wavuvi huja kwa mashua na kukiinua chumba hicho kwa mikono mara kadhaa kwa siku.

Jambo litakalomshangaza Mswahili ni kwamba sehemu kubwa ya wavu huo hufumwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, ilhali mnazi hauoti Liguria. Nyuzi hizo huagizwa kutoka ng'ambo, na wavuvi huzifuma kwa mikono wakati wa baridi. Wavu hutegwa majira ya kuchipua, karibu na mwezi wa Aprili, na msimu huisha Septemba au baada yake kidogo. Hapo nyuzi hukatwa na kuachwa zizame. Kwa kuwa ni mali ya mmea, huoza na kuwa chakula cha viumbe vya baharini, tofauti na nailoni inayodumu miaka mingi majini.

Samaki wanaopatikana ni pamoja na jamii za jodari wadogo na kolekole. Wasiohitajika, kama vile samaki mkubwa wa duara anayeitwa samaki-mwezi, hurudishwa baharini wakiwa hai, kwani mtego haumwumizi samaki hadi anapotolewa.

Mavuno na tishio

Desturi za mji zimefungamana na kazi hiyo. Tangu mwaka wa 1952, Jumapili ya pili ya Mei imekuwa siku ya Sikukuu ya Samaki, ambapo samaki hukaangwa hadharani katika kikaango chenye kipenyo cha takriban mita nne. Usiku wa kuamkia siku hiyo huwashwa mioto mikubwa ufuoni kwa heshima ya Mtakatifu Fortunato, msimamizi wa wavuvi. Jumapili ya kwanza ya Agosti, msafara wa mashua huelekea Punta Chiappa kumheshimu Bikira Maria, Nyota ya Bahari, na jioni maelfu ya mishumaa huelea majini.

Lakini sikukuu haziwezi kuuhifadhi mji peke yake. Nyumba nyingi za pwani hii zimegeuzwa makazi ya likizo, na vijana walio tayari kukaa msimu mzima wa baridi wakifuma nyuzi si wengi. Nchi kavu nayo inaliwa na bahari: mnamo Februari 2021 sehemu ya jabali ilimomonyoka, na takriban majeneza 200 ya makaburi ya Camogli yakaporomokea baharini.

Tangu mwaka wa 1999 maji yanayouzunguka mlima wa Portofino ni hifadhi ya bahari. Yapo maeneo ambayo hakuna chombo kinachoruhusiwa kuingia, na mengine ambamo uvuvi wa kiasi unaendelea.

Kwa anayetaka kuzuru

Mkenya huhitaji viza ya Schengen, na fedha itumikayo ni Yuro. Kutoka Genoa, garimoshi hufika Camogli kwa muda usiozidi saa moja. Mei na Septemba ni miezi ya utulivu kuliko Julai na Agosti, ambapo umati hujaa.

Bandarini huondoka boti za kwenda San Fruttuoso, abasia ya kale iliyo katika hori ambalo halifikiwi kwa barabara ya magari. Humo mna makaburi ya ukoo mashuhuri wa Doria ya karne ya 13. Katika maji yaliyo karibu, kina cha mita 17, imesimama sanamu ya shaba ya Kristo iliyochongwa na Guido Galletti na kuzamishwa mwaka wa 1954. Boti hizo husitishwa bahari ikichafuka. Ipo njia ya miguu pia, lakini mojawapo ya vipande vyake hupita kwenye majabali yenye minyororo ya kushikilia, hivyo haimfai asiyezoea milima.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni anayeagiza mezani samaki aliyetoka katika tonnarella, badala ya aliyeletwa kwa lori kutoka mbali, humsaidia mvuvi kuufuma wavu tena msimu ujao. Rangi za kuta zinaweza kupakwa upya na fundi yeyote. Ustadi wa kufuma na kutega, ukishapotea, hauna duka unakouzwa.