Unga kwanza, bugali baadaye: historia kidogo ya Doxygen

Leo niache mihogo kidogo.

Mwaka 1997, Mholanzi Dimitri van Heesch alitoa Doxygen. Ni programu inayosoma maelezo ambayo waandishi wa kodi wanaacha ndani ya kodi yenyewe, inayapanga kuwa kurasa za HTML ao kitabu cha kuchapa. Kwa macho, muzuri sana. Lakini programu ingine ikitaka kujua tu kipande fulani kinaitwa je na kinapokea nini? Ilipaswa kuchokora ndani ya kurasa, kati ya rangi na vichwa. Sura ya ukurasa ikibadilika, kazi yote inaanguka.

Baadaye Doxygen ikaongeza XML. Unaandika GENERATE_XML = YES, unapata faili index.xml yenye orodha ya vyote, na faili zingine zenye kila jina, aina na maelezo mahali pake. Kumbe ndiyo ilifungua mlango: chombo Breathe kinachukua ile XML na kuipeleka ndani ya Sphinx, ambayo ilizaliwa kwa maandishi ya Python. Doxygen haikupaswa kujua Sphinx ni nini.

HTML ni bugali imeisha kuiva. XML ni unga: kila mutu anapika yake.

Kwa kazi yangu ya mwisho ya lisansi nilipewa namba za mavuno kwenye karatasi za ripoti. Nilizikopia moja moja, usiku kwa usiku, na makosa yaliingia. Basi wandugu, tukitoa ripoti, tutoe na unga wake.