Chungu Kifupi na Majivu ya Volkano

Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida, msonobari au mwingineo, uliozuiwa usirefuke kwa kupogolewa na kwa kubanwa mizizi yake katika chombo kifupi. Jina tumelipokea kwa Wajapani, nao sanaa yenyewe waliipokea kutoka China. Washairi huipenda kwa kuwa wanaona humo umbo lililofungwa kwa kanuni, mfano wa vina na mizani. Lakini wengi wetu hutazama matawi tu. Kilichomo chunguni hakitajwi, na huko ndiko mti unakoishi au kufa.

Apandaye mrehani koponi hutafuta udongo mweusi wenye samadi. Mlezi wa bonsai wa leo aghalabu huukimbia. Mboji huoza, na ikisha kuoza hushikana, nafasi za hewa zikazibika. Nayo mizizi yahitaji kupumua. Kisha kuna jambo la maji. Umwagiliapo chungu, maji hayatoki yote: tabaka moja la chini hubaki limeloa chepechepe, limeshikwa na chembe kama mafuta yashikwavyo na utambi. Kimo cha tabaka hilo hutegemea udogo wa chembe, wala si kina cha chungu. Ndoani halidhuru. Katika chombo cha kina cha vidole vitatu, udongo laini waweza kuwa tope toka chini hadi juu. Basi ule ufupi wa chungu, ambao macho huuhesabu kuwa ni pambo, ndio uliowalazimisha watu kuutafuta udongo mwingine.

Wajapani walikuwa nao chini ya nyayo zao. Uwanda wa Kanto, uliko mji wa Tokyo, umetandwa na majivu ya volkano za kale. Humo huchimbwa akadama, maana yake vidonge vyekundu: chembe ngumu kiasi cha kuipisha hewa, zenye vitundu vya kuweka maji. Kanuma, katika mkoa wa Tochigi, huchimbwa mawe mepesi ya rangi ya manjano yaliyorushwa na mlima Akagi zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 lilipoiharibu Tokyo, baadhi ya walezi wa bonsai walihama, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao Omiya. Walichokifuata huko ni nafasi, maji safi na udongo.

Sanaa ilipovuka bahari, majivu hayakuifuata kwa urahisi. Wengine wakaagiza akadama kwa magunia, na hadi leo wapo wasiokubali badala yake. Wengine wakajaribu. Marekani walichukua chembe za udongo uliochomwa, zitandazwazo katika viwanja vya besiboli. Uingereza wakachukua, msinicheke, chembe za kuwekea paka choo. Wakazichekecha kutoa vumbi, wakazichanganya na mawe ya volkano, wakapanda, wakangoja msimu. Mimi, niliyezoea kufasiri mashairi, nasimama upande wa hawa. Afasiriye neno kwa neno huleta gunia la akadama. Mwenzake huuliza neno lile lilikuwa likifanya kazi gani kwao, akatafuta la kwao lifanyalo kazi hiyo. Na akadama yenyewe, ikipigwa na baridi ya kugandisha mwaka hadi mwaka, humomonyoka ikawa vumbi.

Hasara ya udongo wa namna hii ni kwamba karibu haulishi. Chakula cha mti hutoka mkononi mwa mlezi, kidogo kidogo, na maji siku za joto kila siku, pengine mara mbili. Siku chache za kusahauliwa zatosha kuua kazi ya vizazi. Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington upo msonobari mweupe uliolelewa chunguni tangu 1625. Udongo umebadilishwa mara nyingi mno, hata haiwezekani imebaki punje ya ule wa kwanza. Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Mwaka 2001 wajukuu zake walikwenda kuutazama, ndipo waliokuwa wakiumwagilia walipojua kuwa tarehe 6 Agosti 1945 mti ule ulikuwa Hiroshima, nyuma ya ukuta, kiasi cha kilomita tatu kutoka lilipopasuka bomu.