Mfereji, Karo na Pesa za Maji

Mtoto wa Magongo, Mombasa, akitumwa mferejini, hapeleki ndoo mtaroni. Mfereji kwake ni ule wenye koki. Ukivuka mpaka ukaingia Tanga, hilo ni bomba, na mfereji ni njia iliyochimbwa ardhini ya kupitishia maji, hata machafu. Kamusi zina maana zote mbili: maji yaingiayo nyumbani na yatokayo yamekaa ndani ya neno moja. Nililikumbuka hilo jirani yangu, mama mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha, aliponiita nimsomee bili.

Mstari wa maji aliuelewa. Wa majitaka ndio uliomkwaza. "Haya ya pili walinipimia saa ngapi, mwanangu?"

Hayapimwi. Mita husoma maji yanayoingia tu. Kiwango kinachotumika Nairobi, kwa mfano, ni kuhesabu majitaka kuwa asilimia 75 ya maji yaliyopita mitani. Robo iliyobaki huchukuliwa kuwa imenywewa, imepikiwa, au imekauka kwenye kanga zilizoanikwa uani. Nikampigia hesabu hiyo kwa mfano: yuniti 8 zikiingia, 6 huhesabiwa kuwa zimetoka. Maji yaliyosafiri kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, yanaosha sahani zake, kisha, kwa nyumba zilizounganishwa, yanateremka hadi mtambo wa Kipevu. Yanajulikana yalivyotoka kwa kutazama yalivyoingia. Mfereji ule ule.

Sasa malipo yenyewe tuyaiteje? Wapangaji wake husema "pesa za maji", na hilo linatosha uani. Kwenye karatasi tunahitaji neno lenye msimamo. Ushuru, neno lililotoka kwenye Kiarabu cha "sehemu ya kumi", lina nyumba yake forodhani Kilindini. Hukatwa kwenye mali ipitayo, upewe huduma usipewe. Kodi kwa mama huyu ni ya chumba. Tozo ina sauti ya mwenye nguvu anayetoza. Mimi nachagua ada. Asili yake ni mazoea, desturi, na Kiswahili kimeifanya kuwa kile unachotoa kwa kitu ulichopokea, kama ada ya kungwi aliyefunda mwari. Mtoa ada ana haki ya kuuliza amepewa nini.

Na sheria inakubaliana na neno hilo. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kampuni ya maji ya kaunti haijipangii bei peke yake: hupeleka ombi kwa bodi ya taifa inayodhibiti huduma za maji, na wananchi husikilizwa kabla viwango havijaidhinishwa. Naamini watu wangejitokeza zaidi kwenye mikutano hiyo kama wangeitiwa "ada" badala ya "tarifu", lile neno la karatasini la viwango vya bei.

Kuna karo pia. Kenya nzima karo ni ya shule. Lakini jikoni, karo ni pale panapooshewa vyombo, na kwa wengine ni shimo linalopokea maji machafu. Nyumba nyingi za Magongo zina shimo, hazina bomba la majitaka. Likijaa, huitwa gari la kunyonya. Malipo ya gari hilo hayaonekani kwenye bili yoyote, ingawa ni ya maji yale yale. Vivyo hivyo mtungi. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mfereji ukikauka, hakuna asemaye yuniti. Watu husema mtungi, na mwenye mkokoteni ndiye anayetaja bei. Natamani bei hiyo nayo iwekwe mezani siku viwango vinapojadiliwa, kwa kipimo hicho hicho cha mtungi, ili mpangaji aweze kulinganisha.

Kabla sijaondoka, nilichukua kalamu nikaandika pembeni mwa ule mstari wa pili: "ada ya maji yaliyotoka, kwa kuhesabu yaliyoingia mferejini". Mama akasoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Basi waandike hivyo," akasema, akaikunja bili akaitia ndani ya kitabu cha risiti za kodi.