Majina ya Nondo Wadogo wa Katanga

Nchi ya shaba kati ya Lubumbashi na Kolwezi ilipimwa na wataalamu wa madini kwa bidii kubwa tangu kampuni ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, lakini wadudu wake waliandikwa polepole, tena na watu wachache wenye mapenzi na kazi hiyo. Charles Seydel alikusanya vipepeo na nondo huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na F. G. Overlaet akakusanya Kapanga, ambayo tangu mwaka 2015 imo katika jimbo la Lualaba. Mdudu alichomwa pini, chini yake kikawekwa kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji, na vielelezo vingi vikaishia katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Bila kikaratasi hicho, kielelezo hubaki pambo tu.

Nondo wadogo, yaani wale ambao mabawa yao yakikunjuliwa mara nyingi hayafiki upana wa sentimita 2, walileta taabu zaidi, kwa kuwa magamba yao hupukutika kwa kuguswa na aina nyingi hufanana rangi. Wengi wa Kongo walipewa majina na Edward Meyrick, mwalimu wa shule huko Marlborough, Uingereza, aliyeeleza zaidi ya aina 14,000 za dunia nzima. Meyrick alitegemea sana mishipa ya mabawa, wala hakupasua viungo vya uzazi, ambavyo leo ndivyo hutenganisha aina zinazofanana: tumbo hukatwa, hupashwa moto katika maji makali ya potasi hadi nyama ziyeyuke, kisha viungo hulazwa kwenye kioo cha hadubini. Kwa hiyo orodha ya nondo wadogo wa Kongo ya J. Ghesquière, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1940, ni hazina kubwa isiyotosha peke yake.

Meyrick huyohuyo ndiye aliyemweleza, mwaka 1917, nondo wa Peru anayejulikana sana kwa jina la Tuta absoluta, ambaye kiwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, na ambaye wakulima wa Tanzania, alikoingia mwaka 2014, wanamwita kantangaze. Mwenye bustani anayemdhania kuwa mdudu mwingine hupoteza dawa na mavuno. Vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kolwezi vianzishe basi mikusanyo yao ya nondo wadogo, yenye vikaratasi kamili, ili mtu wa Lualaba asilazimike kuvuka bahari kutafuta jina la mdudu wa bustani yake.