Farasi wa Karl Gerhard: wimbo wa vichekesho uliozimwa Stockholm

Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Hitler yaliingia Denmark na Norway. Sweden, iliyopakana na nchi hizo, haikuguswa. Serikali ya mseto ya Waziri Mkuu Per Albin Hansson ilishikilia kwamba nchi haifungamani na upande wowote, na ilifanya kila liwezekanalo vita visivuke mpaka. Julai ya mwaka huohuo ikakubali askari wa Kijerumani waendao na warudio likizo wapite kwa treni zake. Mpango huo ulipositishwa Agosti 1943, safari za askari hao zilikuwa zimezidi milioni mbili. Wakati wote huo madini ya chuma ya kaskazini mwa Sweden yaliendelea kupakiwa melini kulisha viwanda vya Ujerumani.

Ni katika mwaka huo wa 1940, Stockholm ikiwa imejaa hofu na minong'ono, ambapo mchekeshaji mmoja mwenye kofia ndefu nyeusi na koti la mkia alipanda jukwaani kuimba habari za farasi.

Mtu huyo ni Karl Gerhard. Alizaliwa mjini humo mwaka 1891 kwa jina la Karl Emil Georg Johnson, na alipokaribia miaka 50 hakuna aliyemfikia Sweden nzima katika sanaa ya revyu. Revyu ni onyesho la nyimbo, dansi na vichekesho linalotungwa kwa ajili ya msimu mmoja, likiwasema wakubwa na mambo yaliyo midomoni mwa watu wakati huo. Msimu ukiisha, limekwisha. Mavazi hurudishwa stoo, wasanii huanza mazoezi ya onyesho jipya, na mzaha uliowavunja watu mbavu mwezi Oktoba hauna anayeukumbuka mwaka unaofuata. Ni sanaa yenye maisha mafupi, na wanaoifanya wanalijua hilo tangu mwanzo.

Gerhard alikuwa fundi wa mafumbo. Msikilizaji wa taarabu hahitaji kuelezwa ufundi huo, maana ameuona ukumbini: mwimbaji hataji jina la mtu, wala halazimiki kulitaja, kwa kuwa ukumbi mzima umekwisha geuza shingo kumtazama anayeimbwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Hakungoja vita vianze ndipo aseme. Mwaka 1934, Hitler akiwa amekaa madarakani muda mfupi tu, Gerhard aliandika wimbo uitwao I skuggan av en stövel, maana yake katika kivuli cha buti, kulaani mateso waliyokuwa wakifanyiwa Wayahudi. Aliyeuimba ni kijana aliyekuwa akipanda kwa kasi, Zarah Leander. Miaka michache baadaye Leander alisaini mkataba na kampuni ya filamu ya UFA ya Berlin, akawa miongoni mwa nyota wakubwa wa sinema katika Ujerumani ya Hitler. Gerhard alibaki na msimamo wake.

Revyu ya 1940 iliitwa Gullregn, nayo ilionyeshwa Folkteatern, ukumbi ambao wenyeji waliuita Folkan, katika mtaa wa Östermalm. Ndani yake mlikuwa na wimbo Den ökända hästen från Troja, yaani farasi mashuhuri kwa ubaya kutoka Troya. Kisa cha Troya kinajulikana: adui aliyeshindwa kuvunja lango la mji aliacha zawadi ya farasi wa mbao, wenyeji wakamkokota hadi ndani kwa furaha, na usiku askari wakashuka kutoka tumboni mwake. Gerhard alikitumia kisa hicho kuwaonya Waswidi juu ya watu waliokuwa kati yao wakiifanyia kazi Ujerumani, na juu ya urafiki uliokuja umejaa zawadi na tabasamu. Norway ilikuwa imetekwa miezi michache tu iliyopita. Watu ukumbini walimwelewa.

Ubalozi wa Ujerumani nao ulimwelewa. Balozi wakati huo alikuwa Viktor zu Wied, na malalamiko yakafika serikalini. Polisi wakaupiga marufuku wimbo huo. Revyu yenyewe haikufungwa. Kilichokatwa ni farasi.

Uamuzi huo haukuwa wa ajabu kwa siku zile. Mwandishi Ture Nerman, mhariri wa gazeti la Trots allt!, alifungwa jela kwa yale aliyoandika mwaka 1939 dhidi ya Hitler. Gazeti la mhariri Torgny Segerstedt mjini Göteborg lilikamatwa mara kwa mara. Machi 1942 serikali ilikamata magazeti 17 kwa siku moja kwa sababu yaliandika namna Wajerumani walivyowatesa wafungwa wa Norway. Habari ilikuwa ya kweli. Kosa lake ni kwamba ingemkasirisha mwenye nguvu.

Wapo wanaoitetea serikali ya Hansson kwa hoja nzito: nchi ilinusurika, na kwa sababu ilinusurika iliweza kuwapokea Wayahudi wa Denmark mwaka 1943, zaidi ya 7,000, waliovuka bahari kwa mashua. Sidharau hoja hiyo hata kidogo. Lakini kununua amani kwa kumziba mdomo raia anayesema kweli ni deni, na aliyelilipa hapa hakuwa waziri.

Marufuku ile ilikusudiwa kuumaliza wimbo, na ndiyo iliyoupa maisha. Kwa kawaida ya revyu ungezikwa pamoja na msimu wake. Badala yake, Gerhard alipofariki mwaka 1964 huo ndio uliokuwa umekwisha kuwa maarufu kuliko nyimbo zake zote za siasa. Mwaka 1991 mwandishi Maria-Pia Boëthius alichapisha kitabu Heder och samvete akihoji heshima ya Sweden wakati wa vita, na mjadala uliofuata ukawarudisha mbele watu waliokuwa wamesema mapema. Filamu kuhusu Segerstedt, iliyoongozwa na Jan Troell, ilitoka mwaka 2012. Kila kizazi cha Waswidi kinapouliza nani alikataa kunyamaza, jina la mchekeshaji yule hutajwa pamoja na ya wahariri.

Afrika Mashariki tunayo historia ya namna hii. Novemba 1977 serikali ya Kenya ilifuta kibali cha Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ulioigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, ukiwa na nyimbo, dansi na kejeli kali kwa matajiri wapya. Ulikuwa umechezwa kwa wiki chache tu. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 mchezo mwingine wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, ulinyimwa ukumbi wa taifa, na jukwaa la Kamirithu likabomolewa. Karibu miaka 45 baada ya marufuku ya kwanza, Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi, na watu wakaja kuitazama.

Lakini Ngaahika Ndeenda ilikuwa imechapishwa kitabu, na mtunzi wake mmoja alikuwa na jina duniani kote. Michezo mingi ya vikundi vya vijijini, ya shule na ya vyama vya wafanyakazi iliyozimwa enzi hizo haikupata bahati hiyo. Waliokuwa vijana wakiicheza sasa ni wazee. Vyuo vikuu vyetu, redio zetu na jamaa zao wawafuate wakiwa bado wanakumbuka maneno na sauti, wawarekodi, na wayahifadhi mahali ambapo msomaji yeyote anaweza kuyafikia.